Mtafiti na Mafuta ya Nyonyo

Mtu aliyenikataza kufuta vumbi ndiye aliyekuwa na viatu vilivyong'aa kuliko vyote mjini Iringa. Kila asubuhi alivipaka rangi, akavipiga brashi, akamalizia na kipande cha flana, mpaka ukiinama kuokota kitu unakutana na sura yako. Akishamaliza hapo anaingia chumba cha vyombo vya kale, ananikuta nimeshika kitambaa, na anaruka kama nimeshika nyoka.

"Dereva! Weka chini! Usifute kabla hujauliza!"

"Nimuulize nani, mzee? Ni vumbi tu hili."

"Vumbi la wapi? La lini? Unajua?"

Sikujua. Nikaweka kitambaa chini.

Naandika habari zake kwa wasiwasi. Mimi nimeishia darasa la nne, na kuandika nilizoea kwenye kitabu cha safari za gari: umetoka wapi, umefika wapi, umebeba nani. Baadaye nikawa naongeza nyumbani, katika daftari langu, yale ambayo kitabu cha safari hakikuyapa nafasi. Kwa hiyo huenda namwonea. Pale ninapodhani namwonea nitasema.

Jina analo, ila hakuna aliyelitumia. Wakubwa walimwita Ndugu Mtafiti, watoto wa mtaani Mzee Mtafiti, na mke wake, akikasirika, alisema "huyo Mtafiti wenu", kana kwamba sisi ndio tuliomwoa.

Kazi yake ilikuwa hivi. Mjini palikuwa na chumba kimoja cha makumbusho, ndani ya nyumba ya mawe ya zamani, na humo viliwekwa vyombo vya kupimia vilivyoachwa na wakoloni, wamisheni na wachimba dhahabu: mizani ndogo za dhahabu kutoka Chunya, vipimahewa, makopo ya kupimia mvua, dira. Miaka hiyo ya sabini tulikuwa tumeambiwa tuache inchi tushike milimita, basi kila chombo cha inchi kikawa kinatupwa jalalani kama kimefanya kosa. Mtafiti alipewa kazi ya kuvizungukia, Iringa mpaka Mbeya, akiuliza kila kimoja kilitoka wapi, kilishikwa na nani, kilitunzwaje, ili makumbusho yajue namna ya kukihifadhi. Hiki kifutwe, hiki kisifutwe, hiki kipakwe kitu, hiki kiachwe na kutu yake. Ukiisikia kwa maneno ni kazi nzuri. Ukiiona kwa macho, ni mzee mwenye tai anayekodolea kopo tangu chai ya asubuhi mpaka chakula cha mchana.

"Kutu nayo ni shahidi," alikuwa akisema. Au: "Chombo hakidanganyi. Anayekisoma ndiye mwongo." Maneno haya aliyasema mara nyingi, na sikumsikia hata siku moja akijihesabu katika hao wanaosoma.

Alikuwa na glavu nyeupe za pamba. Hakushika chombo bila glavu, na mimi nisiye na glavu hakuniruhusu kushika kabisa, isipokuwa kama ni kizito. Jasho la binadamu, alinieleza, ni sumu kwa shaba. Sasa siku moja, kwenye kivuli cha gari pale Makambako, nilimwona anakula karanga za kukaanga akiwa amevaa glavu zile zile. Anamenya, anatafuna, anajifuta kidole kwa kidole, kisha anafungua sanduku na kuigeuza dira ya watu. Niliona mara moja tu. Huenda alisahau. Lakini vile vidole vya glavu vilibaki na rangi ya karanga, na rangi ile haikuja kwa kusahau mara moja.

Tulipata pia tufe la kioo. Lilitoka Mbeya, kwa mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi ya hali ya hewa. Ni mpira wa kioo kizima mpaka ndani, mkubwa kama chungwa kubwa, nao ulikuwa unapima saa za jua: jua linapita ndani ya kioo, linaunguza mstari kwenye karatasi, na urefu wa mstari ndio urefu wa jua la siku ile. Mtafiti alinieleza jambo hili kuanzia Mbeya mpaka Chimala bila kupumzika. Na huku ananieleza namna jua linavyounguza, tufe lenyewe amelipakata karibu na kioo cha mbele, saa sita mchana.

Nikasikia harufu ya sufu.

"Mzee, unaungua."

"Usinikatize."

"Mzee, mkono wa koti unatoa moshi!"

Akatazama. Tundu lilikuwa limeshapita koti na linaanza shati. Mtu mwingine angelaani. Yeye aliinua mkono uliokuwa unafuka, uso wote umejaa furaha, akasema, "Kinafanya kazi! Dereva, umeona? Miaka yote hii, na bado kinafanya kazi!" Mjini watu walieneza kwamba aliungua suruali. Si kweli. Ilikuwa koti, na nimeandika hapa ili iwe imeandikwa mahali.

Suruali ilikuwa hatarini siku nyingine, kwenye klabu ya ulanzi, pombe ya mianzi. Alikuwa amepata chupa nyembamba ya kioo inayoelea, ambayo maofisa wa zamani waliitumia kupima ukali wa pombe. Ili kuthibitisha matumizi yake akaingia klabuni, akaitumbukiza kwenye ndoo ya mama muuzaji mbele ya wateja wake, akainama, akasoma.

"Mama, huu umeongezwa maji."

Yule mama akajishika kiuno. "Ee? Hebu njoo nikutumbukize na wewe humo, tuone umeongezwa nini!"

Wateja walicheka mpaka wengine wakamwaga. Tuliondoka haraka. Njiani aliniambia kwamba mama yule amekasirika kwa sababu hajui thamani ya kipimo. Mimi nilidhani amekasirika kwa sababu anaijua sana. Sikumwambia.

Lakini katika vyombo vyote alikipenda kimoja. Ilikuwa darubini ya wapima ardhi, ya shaba, inayokaa juu ya miguu mitatu ya mbao. Ilitoka kijijini karibu na Igowole, ambako mwinjilisti mmoja alikuwa ameitunza nyumbani kwake miaka mingi baada ya wenyewe, Wazungu, kuondoka, na alipofariki mjane wake akaitoa. Mtafiti aliamini ndiyo iliyopima barabara ya kwanza ya magari kutoka Iringa kwenda Mbeya. Labda ni kweli. Akiwa peke yake nayo alizungumza nayo kwa sauti ya chini, sauti ambayo mke wake, kwa maelezo yake mwenyewe huyo mama, hakuwahi kuisikia.

Na darubini hiyo ilikuwa na adui. Mwenyekiti wa kamati ya makumbusho alikuwa mtu mwenye haraka, anayetaka mambo mawili tu duniani, vitu ving'ae na mikutano iishe. Siku moja alisimama mlangoni, hakuingia, akasema:

"Ndugu Mtafiti, mvua zikiisha tunakuja kukagua. Chombo chenye historia inayoeleweka na sura ya kuonyesha watu kitabaki. Kisicho na hayo kinakwenda Mbeya, chuo cha ufundi. Vijana wanataka lenzi na skrubu za kujifunzia."

"Wataifungua?" Hakusema ipi. Sote tulijua ipi.

"Wataifungua, ndugu. Ndiyo kazi ya skrubu."

Tangu siku ile kila safari tuliyokwenda ilikuwa kwa ajili ya kuizuia darubini ile isifunguliwe. Namwandikia hilo kwa haki: hakuwa anatafuta cheo. Alitaka chombo kimoja kibaki kizima.

Sasa nieleze alivyokuwa anauliza, maana ubaya wote ulitokea hapo. Mtafiti hakuwa anauliza swali. Alikuwa anakuja na jibu, analivalisha mkia wa swali, analikabidhi kwa mwenyeji. "Kopo hili mlilikinga kwenye paa, sivyo?" "Wazungu walilifuta kila wiki, sivyo?" Na kwetu huku mgeni habishiwi. Mgeni amekuja na gari, amevaa tai, umemtolea kiti cha pekee ulichonacho na togwa. Akisema ng'ombe wana mabawa, unamwambia ndiyo baba, na wengine juzi waliruka wakatua ng'ambo ya mto. Mtafiti amezaliwa nyanda hizi hizi. Mama yake, bila shaka, aliwakubalia wageni hivyo hivyo. Lakini akishavaa glavu alisahau kwao ni wapi.

Ubaruku, huko Usangu, kwenye mashamba ya mpunga, alimkuta mzee mmoja mfugaji akamwonyesha kopo la mvua.

"Mzee, hapa Usangu zamani mlipimia mvua kwa kopo kama hili, sivyo?"

"Ndiyo, bwana mkubwa."

"Na mlilificha kivulini, ili lisipate kutu, sivyo?"

"Kivulini kabisa."

Mtafiti akaandika, anameremeta kama viatu vyake. Mimi wakati tunashuka garini nilikuwa nimesalimiana na yule mzee, naye akaniambia alihamia Usangu juzi juzi na ng'ombe zake, kutoka Shinyanga, na mvua ya hapa bado haijui vizuri. Nikamvuta Mtafiti pembeni nikamwambia.

"Dereva," akasema, "wewe endesha."

Nikaendesha.

Basi tuje kwenye mafuta. Darubini ilikuwa na utando mweusi, mnene, uliokauka kwenye shaba yote. Mtafiti aliukwangua kwa ukucha, jambo ambalo mimi ningelifanya ningefukuzwa kazi. Akanusa. Akaweka ulimini, akafumba macho. Nikangoja.

"Mafuta ya kiwandani," akasema. "Wenyewe waliotengeneza ndio waliopaka, kulinda shaba isiliwe na hewa. Ndiyo maana imeishi."

Tukaenda Igowole kuthibitisha. Mjane wa mwinjilisti, ambaye wote kijijini walimwita Bibi, alitupokea vizuri. Tukasalimiana kamwene, kamwene, tukakalishwa, tukaletewa viazi. Mtafiti akavaa glavu, ingawa hapakuwa na cha kushika isipokuwa viazi.

"Mama, darubini ile Wazungu waliipaka mafuta maalumu, mafuta ya kiwandani, sivyo?"

Bibi alimtazama, akatazama tai, akatazama gari nje. "Eee, baba."

"Na mkaambiwa muendelee kuipaka, isije ikaharibika, sivyo?"

"Eee. Kula kiazi, baba, kinapoa."

Mtafiti alikula viazi vitatu kwa furaha. Akaandika ripoti ndefu, akaisoma kwangu njia nzima, na ripoti ikasema kwamba historia imethibitishwa na mashahidi: vyombo vya shaba vihifadhiwe kwa kupakwa mafuta kama walivyofanya watengenezaji. Kwa kuwa mafuta ya kiwanda kile hayapatikani tena, atatumia yanayokaribiana nayo. Alijaribu kadhaa ulimini, ya alizeti, ya karanga, hata ya taa, akatema. Mwishoni akapata. Mafuta ya nyonyo.

"Ajabu, Dereva. Kwa ladha yanakaribiana kabisa. Karibu sawa!"

Na mafuta ya nyonyo mazuri, yaliyokamuliwa kwa mikono, yalipatikana kwa nani? Kwa Bibi. Akatuuzia chupa kubwa, akatuombea safari njema.

Tulipaka. Nasema tulipaka kwa sababu siku hiyo mikono yangu iliruhusiwa. Darubini, dira, mizani za Chunya, vipimahewa, makopo, mpaka bawaba za makabati. Chumba kikawa kinanukia kama mtoto wa kubatizwa. Niliamini ninafanya kazi nzuri. Mwenyekiti alichungulia mlangoni akaona vinang'aa, akasema, "Ehe! Sasa mnaelewa," akaondoka haraka asije akaelezwa zaidi.

Kisha mvua zikaja. Kwanza vumbi la barabara lilishika kwenye mafuta. Juu ya vumbi wakaja mende. Halafu shaba ikaanza kugeuka. Ilianza kwenye pembe na skrubu, ikatambaa, kijani kama ukungu wa dimbwi, na katikati ya masika darubini ilikuwa imevaa kijani chini ya ute mzito wa kahawia. Ukigusa, kidole kinabaki kimeshikwa. Mtafiti aliitazama kila asubuhi, na kila asubuhi alisema neno lile lile.

"Hayajatosha. Tuongeze."

Ndiyo mvua zikielekea kuisha tukarudi Igowole, kununua mengine.

Siku hiyo Bibi alikuwa nje anawapaka mafuta wajukuu, mmoja mmoja, magoti na uso, maana kesho yake ilikuwa Jumapili. Mtafiti alikuwa amechoka, hata glavu hakuvaa. Akakaa kwenye gogo akasema, bila mkia wowote, "Mama, ile darubini inakufa. Sijui inataka nini."

Nadhani lilikuwa jambo la kwanza alilomwambia mama yule bila jibu ndani yake. Bibi akamwachia mjukuu sikio.

"Kwani mnaifanyaje?"

"Tunaipaka. Kama Wazungu walivyoipaka."

"Wazungu gani?" Akaanza kucheka, cheko la kutikisa mabega. "Baba wee! Wazungu waliipangusa kwa kitambaa kikavu wakaifungia kwenye sanduku. Mimi ndiye niliyeipaka! Kila Jumamosi nikimaliza watoto, mafuta yaliyobaki viganjani naipaka na yenyewe, isikae imepauka nyumbani kwa mwinjilisti kama mguu wa mchunga mbuzi. Mume wangu alikuwa ananigombeza. Anasema, mke wangu, unaiozesha mali ya watu."

Mtafiti alisimama. Midomo yake ilikuwa inatafuta pa kuanzia.

"Mama. Mimi nilikuuliza. Ulinijibu Wazungu."

"Hukuniuliza, baba. Ulinieleza. Nikasema eee."

"Ungenikatalia!"

"Nimkatalie mgeni anayekula kiazi changu?" Kisha akaongeza, na hapa namwandikia na yeye haki yake, maana hakuwa malaika: "Na mafuta mlikuwa mnanunua. Ningesema nini?"

Wajukuu wakacheka kwa kuwa bibi yao anacheka. Mimi nilitazama gurudumu la gari kwa muda mrefu kuliko gurudumu lilivyohitaji.

Tukarudi nyumbani. Mtafiti hakuongea mpaka Mafinga, na hiyo peke yake ilinitisha. Baada ya Mafinga akasema, anatazama mbele, "Kamati inakuja wiki ijayo."

"Ndiyo, mzee. Utawaambia?"

"Nikiwaambia, ripoti yangu ni takataka, na darubini haina historia inayoeleweka. Wanaichukua, wanaifungua." Akageukia dirisha. "Nisipowaambia, itabidi niendelee kuipaka, kwa sababu ripoti inasema ipakwe. Itaoza mikononi mwangu."

Dereva huulizwa njia, na njia hii sikuijua.

Kesho yake asubuhi viatu vyake havikung'aa. Vilikuwa na tope la Igowole, na alivivaa hivyo mpaka siku ya ukaguzi.

Siku hiyo kamati ilikaa kwenye mabenchi, Mwenyekiti katikati, na pembeni mwalimu wa chuo cha ufundi kutoka Mbeya, amekuja na masanduku yake matupu. Nilikuwa mlangoni. Mtafiti alisimama. Nilidhani atasema kwa ufupi, kama mtu anayeungama. Nilikuwa nimemsahau ni nani. Alianza na mti wa mnyonyo wenyewe, unavyoota na unavyokamuliwa. Akaja kwenye desturi ya mama zetu ya kupaka mafuta Jumamosi. Akaja kwenye heshima ya mgeni, na ubaya wa swali lenye mkia. Alieleza namna alivyolamba. Alieleza viazi. Alimtaja mzee wa Ubaruku mwenye ng'ombe, na hapo alinitazama mlangoni, akasema mbele yao wote, "Dereva aliniambia. Nikamwambia aendeshe." Alisema yote, hakuacha hata moja, na ili nisimpendelee niseme pia kwamba katikati alianza kuyafurahia. Sauti ilipanda. Akainua kidole.

Mwenyekiti alikuwa anatazama saa. "Kwa hiyo, Ndugu Mtafiti, umetukalisha hapa kutuambia umekosea?"

"Hapana, Ndugu Mwenyekiti. Nimegundua."

"Umegundua nini?"

"Kwamba nimekosea."

Kamati ilivunjika mbavu. Mwenyekiti mwenyewe alijifuta machozi, kisha akasema lile tuliloliogopa: basi, mwalimu achukue anachotaka.

Mwalimu wa chuo alichukua mizani za Chunya, ambazo tulizipaka kidogo na zikasafishika. Alichukua vipimahewa viwili na tufe la kioo. Nililionea huruma lile tufe. Kisha akafika kwenye darubini. Akainama. Akanusa, akarudisha kichwa nyuma. Akajaribu skrubu moja kwa bisibisi, ikagoma. Ya pili, ikagoma. Mende alitoka chini ya lenzi, akatembea taratibu kwenye bomba la shaba kama mkaguzi wa pili. Mwalimu akajifuta kidole kwenye suruali, kikashika na suruali.

"Hii hapana," akasema. "Hii mbaki nayo."

Ndivyo ilivyookoka. Nimefikiri sana juu ya jambo hili na bado sina hakika nalisemaje. Utafiti wake wa kweli usingeiokoa, na kule kuungama kwake nusura kuiue. Iliokolewa na ule upumbavu, na bila mafuta yale ya nyonyo leo ingekuwa skrubu kwenye kopo la wanafunzi.

Mtafiti alikaa miezi mingi akiisafisha kwa kitambaa laini na spiriti, kipande kidogo kidogo, kwa glavu mpya. Kijani kikatoka, ila aliacha doa moja kusudi, upana wa kiganja, ubavuni. "Hapa ni mkono wa Bibi," alisema, "na mkono wangu juu ya wake. Na yenyewe ni historia." Akaandika kibao cha maelezo, Wazungu, mwinjilisti, Bibi, na mwisho yeye mwenyewe: *iliharibiwa kidogo na mtafiti wa makumbusho, kwa kutosikiliza.* Kibao kilikuwa kikubwa kuliko darubini. Hata kosa lake alitaka lionekane kwa mbali.

Mimi baadaye niliacha kazi pale, nikashika lori la mchele kutoka Ubaruku. Miaka ya sabini ilipokuwa inakaribia kuisha, asubuhi moja, nilisimama Ipogolo, chini pale kwenye barabara kuu kabla ya kupanda mjini, ninywe chai. Kwenye benchi palikuwa na mzee amevaa koti lenye kiraka mkononi. Nilikijua kile kiraka kabla ya kuujua uso. Chini yake ndipo lilipotoboa jua la Chimala, siku ya tufe.

"Shikamoo, Mtafiti."

"Marahaba. Dereva! Umenenepa."

Alikuwa amestaafu, anaishi pale Ipogolo kwa binti yake, na kupanda mjini kwa miguu hawezi tena. Tulizungumza habari za watoto na mvua. Kisha akauliza, na nilimwona namna alivyoshika kikombe.

"Unapita mjini na huo mchele. Chumbani unaingia?"

"Niliingia mwezi uliopita."

"Doa bado lipo, sivyo?"

Nilikuwa nimeingia, na nilikuwa nimeona. Pamewekwa mama mpya wa usafi, hodari sana. Darubini inawaka kama jua, ubavu wote, hakuna doa. Kibao hakipo. Na mzee amenitolea kiti, ameniagizia chai na andazi, na macho yake yanasema nimwambie nini.

"Lipo, mzee," nikasema.

Akatabasamu, akanywa. Nikamega andazi, nikalirudisha sahanini. Yeye kikombe kilifika midomoni mara ya pili kikasimama hapo. Akakiweka mezani.

"Ngoja," akasema. "Nimekueleza. Sikukuuliza." Akavuta pumzi. "Ulipoingia, uliona nini?"

Basi nikamwambia. Yote, na kibao.

Alitazama malori yanavyopita. Nilidhani nimemuua. Kisha akainuka, akashika bega langu badala ya fimbo.

"Lori lako linapanda mjini sasa hivi?"

"Linapanda. Unataka kwenda kumgombeza huyo mama wa usafi?"

"Nimgombeze kwa nini? Kafuta. Nataka kujua kafuta kwa kitu gani, ili ijulikane itunzweje. Na kibao kirudishwe ukutani, na yeye aongezwe humo." Akaingiza mkono mfukoni akatoa glavu. Zilikuwa zile za kwanza, na vidole vyake bado vina rangi ya karanga. "Tukifika, wewe usiongee. Nitauliza mimi."

Nikamsaidia kupanda, nikatia gia. Hatujafika kona ya kwanza ya mlima nikamsikia, kwa sauti ya chini, anajaribisha swali lake.

"Ulitumia majivu na ndimu, sivyo?"

Nikakohoa.

Tukaimaliza kona. "Ulitumia nini?" akasema, kwa taabu, kama mtu anayetema mfupa. Akalirudia tena na tena, njia yote ya mlima, mpaka likawa jepesi.